Mbegu ya Mpaini Ina Kwao

Mkulima wa Njombe au Mufindi akitaka kupanda mipaini, huuliza kwanza bei ya mche. Ni wachache wanaouliza mbegu ilichumwa wapi. Hasara huanzia hapo, nayo hujificha kwa miaka kumi na zaidi, mpaka siku ya kupasua mbao.

Mpaini uliozagaa Nyanda za Juu Kusini, Pinus patula, asili yake ni milima ya Meksiko. Kilo moja ya mbegu zake ina punje zaidi ya 100,000, hivyo kilo moja mbovu yatosha kuharibu makumi ya ekari. Koni zake hukaa tawini kwa miaka zikiwa zimefumba. Mchumaji ana nafasi ya kuchagua, lakini anayelipwa kwa kilo huufuata mti usiomsumbua: mfupi, wenye matawi tangu chini, shina limepinda. Miche itakayotoka hapo hurithi umbo hilo, na kila tawi nene huacha kifundo kwenye ubao.

Uzito wa mbao nao ni urithi. Vipimo vya watafiti wa misitu vinaonyesha kwamba kwa mipaini unarithiwa kwa nguvu kuliko hata kasi ya kukua. Anayechagua mti mama, basi, anachagua pia kenchi litakalobeba bati miaka ijayo. Mkulima akiongeza pupa ya kuvuna miti michanga, hupata mbao za kiini, nyepesi, zinazojipinda zikikauka.

Kasi peke yake isimdanganye mtu. Uingereza hupanda kwa wingi Sitka spruce, mti wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mbegu za visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, zimetumika huko kwa miaka mingi. Zile za Washington na Oregon, kusini zaidi, hukua upesi kuzishinda, ila miche yake huunguzwa na jalidi kwenye maeneo ya baridi, na mbao zake huwa nyepesi kidogo. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni kwao.

Mbegu zilizochumwa kwenye mashamba maalumu ya mbegu ni ghali, ni kweli. Lakini gharama ya mbegu ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya ardhi, palizi na ulinzi wa moto. Wenye vitalu waandike asili ya mbegu kwenye kila tuta la miche, na mnunuzi asiyeoneshwa maandishi hayo aende kitalu kingine.