Waashuri wa Uswidi: Jina lililojenga klabu ndilo lililowagawa

WASOMAJI wa Biblia huijua Ashuru kama dola iliyotawala kutoka Ninawi. Dola hiyo iliporomoka kale, lakini wapo Wakristo wenye asili ya Uturuki, Syria na Iraq wanaojihesabu kuwa kizazi chake. Hawana nchi yao wenyewe. Kuanzia mwaka wa 1967, baadhi yao walihamia Uswidi, na wengi wakafanya makao Södertälje, mji wa viwanda ulio kusini-magharibi mwa Stockholm.

Huko ndiko ilikozaliwa klabu ya Assyriska mnamo 1974. Ilijikokota kutoka ngazi za chini hadi fainali ya Kombe la Uswidi mwaka wa 2003, ilipolazwa 2-0 na Elfsborg. Mwaka wa 2005 iliandika historia kwa kuwa klabu ya kwanza ya wahamiaji kushiriki ligi kuu nchini humo. Ilikuwa imebwagwa katika mchujo, ila Örebro ikapokonywa leseni kutokana na matatizo ya kifedha, nayo ikajaza pengo hilo. Kwa Waashuri waliotawanyika duniani, hiyo ilikuwa sawa na timu ya taifa. Hata hivyo, ilishushwa daraja msimu uo huo.

Lakini je, taifa hilo ni lipi? Mnamo 1977, katika mji huo huo, iliundwa klabu nyingine, Syrianska. Mashabiki wake ni ndugu wa wale wa Assyriska kwa lugha na kwa kanisa, ila hulikataa jina la Waashuri na kujiita Wasiriaki au Waaramu. Nayo ilicheza ligi kuu kuanzia 2011 hadi 2013.

Zipo hoja kwamba klabu hizo zingeungana. Mji mmoja wa kadiri umegawa mashabiki, wafadhili na vipaji mara mbili, huku vigogo wakichota wachezaji. Kennedy Bakircioglu, aliyekuzwa Assyriska, alitwaa ubingwa wa 2001 akiwa na Hammarby, kisha baadaye akachezea Ajax. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Hata hivyo, kuziunganisha kungezua swali ambalo mpira hauwezi kulijibu: jezi ingeandikwa jina gani? Klabu hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya mataji pekee, bali ili watu wasio na nchi wasikike wakitajwa. Tangu 2013 hakuna hata moja iliyorejea ligi kuu, na mzozo wa jina ungali pale pale.