Picha Safi, Goti Linauma

Jamani, mwezi huu naanza kwa kutubu. Mke wangu alilalamika goti kwa miezi minne, mimi nikamwona anadeka. Tunakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na kila jioni alikuwa anapanda ngazi ameshika ukuta. Tukaenda kupiga eksirei. Majibu: safi. Njiani nikaropoka, "Si unaona? Huna kitu." Siku mbili hakunisemesha.

Kumbe asiyejua kitu ni mimi. Eksirei huonyesha mfupa, gegedu haliioni. Gegedu ni ule utando mweupe unaoteleza, unaofunika mfupa nyuma ya pia ya goti ili ipite vizuri juu ya mfupa wa paja. Likilainika au kuchanika, ngazi tatu tu zinakutoa jasho.

Daktari wa mifupa tuliyemwona baadaye hakukimbilia mashine. Alianza na maswali. Linauma zaidi ukishuka ngazi? Ukichuchumaa? Ukikaa muda mrefu kwenye basi? Yote jibu lilikuwa ndiyo. Akamchuchumaza, akabonyeza pembeni mwa pia, akapima nguvu za paja. MRI ndiyo inayoonyesha gegedu, lakini si kila goti linaihitaji. Huwa inatakiwa maumivu yakigoma, au goti likivimba na kukwama. Uharibifu wenyewe madaktari huupanga kwa daraja nne, mpango ulioanzia kwa daktari Outerbridge mwaka 1961: la kwanza gegedu limelainika tu, la nne mfupa uko wazi.

Habari mbaya ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likiharibika ni vigumu kujiponya. Nzuri ni kwamba maumivu yanaweza kutulia sana hata bila kisu. Tiba kubwa ni kuimarisha misuli ya paja na nyonga, ili pia ya goti isiyumbe. Dawa za maumivu ni za muda mfupi tu, na kwa ushauri, hasa kama una vidonda vya tumbo. Upasuaji wa kamera ndogo ni kwa wachache.

Basi kila usiku tunatandika mkeka. Unalala chali, unakunja goti zima, unanyoosha mguu unaouma, unauinua, unahesabu hadi tano, unashusha. Mara kumi. Tena mimi nafanya naye, maana peke yake wiki ya pili angeacha. Wiki za mwanzo hatukuona kitu, na tulikaribia kukata tamaa. Mwezi wa tatu alipanda na kapu la sokoni bila kushika ukuta.

Goti likivimba ghafla, likikwama au likija na homa, usisubiri mkeka, nenda hospitali. Na mwenzio akikwambia panauma, mwamini kwanza, picha baadaye. Mimi nilichelewa miezi minne.

Tukutane mwezi ujao.