KITABU CHA JUMA HILI: Chupa ya wino



Juma hili twawaletea kitabu cha upelelezi, *Mrs McGinty's Dead*, alichokitoa Agatha Christie, bibi Mwingereza, mwaka 1952.

Mjane mzee, mwenye kusafisha nyumba za watu, auawa kijijini, na akiba yake yaibwa. Mpangaji wake, James Bentley, mtu mkimya asiye na kazi wala rafiki, aonekana na damu katika mkono wa koti. Ahukumiwa kunyongwa. Lakini Spence, ofisa wa polisi yule yule aliyekusanya ushahidi, dhamiri yamsumbua. Amwendea Hercule Poirot, mpelelezi Mbelgiji.

Poirot aacha damu, ashika wino. Mama asiyezoea kuandika barua alinunuliani chupa ya wino karibu na kufa kwake? Tena katika vitu vyake mna gazeti lililokatwa. Kipande kile kilikuwa na picha za wanawake wanne waliotajwa katika kesi za kale. Naye alikuwa ameona mojawapo ya picha hizo katika nyumba aliyoisafisha! Basi kosa lililozikwa miaka mingi lilifufuka, likaua tena.

Mwisho hatuusemi, someni wenyewe. Twasema neno moja tu: Bentley alikikaribia kitanzi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtetea. Nasi je? Kitu kikipotea mtaani, twamtafuta mwizi, ama twamshika yule tusiyempenda?