Kikombe Kipi, Kijiko Kipi?

Juzi jirani yangu alinijia na bakuli la maandazi magumu kama kokwa. “Mwenzangu,” akalalamika, “nimefuata maandishi neno kwa neno: unga vikombe vinne, maji kikombe kimoja na nusu. Mbona yamekuwa hivi?” Nikamwomba anionyeshe vikombe vyake. Kumbe unga aliupima kwa kile kikombe kikubwa cha bati cha baba watoto, kinachoingia nusu lita ya uji, na maji akayapima kwa kikombe cha chai!

Kikombe cha wapishi ni robo lita. Kukipata si kazi: jaza maji chupa ya nusu lita, yagawe katika vikombe viwili vya namna moja hata yalingane, kisha tia alama pale yalipofika. Kwa kipimo hicho kilo moja ya unga wa ngano hutoa vikombe vinane hivi, lakini kilo ya sukari ni vikombe vitano tu, maana sukari ni nzito. Unga usiushindilie. Na kama alama hukutia, basi pima unga na maji kwa kikombe kile kile kimoja, nawe hutakosea sana. Vitabu vya zamani vikitaja ratli, hiyo ni pungufu kidogo ya nusu kilo.

Vijiko ndivyo vyenye hatari. Kijiko cha chai huchukua mililita 5; kijiko cha mezani 15, yaani vitatu vya chai. Tena kisiwe na kilima: pitisha kisu juu yake. Kwa maandazi ukikosea tutacheka tu. Lakini mtoto akiharisha, na pakiti ya dawa ya zahanati haipo karibu, twachanganya maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai, tukamnywesha kidogo kidogo huku tukienda zahanati. Ukitwaa kijiko cha mezani kwa chumvi hiyo, itazidi mara tatu, na chumvi nyingi yaweza kumwua mtoto.

Jirani yangu sasa amekifunga uzi mwekundu kijiko chake kimoja cha chai na kukitia ndani ya mkebe wa chumvi. Baba watoto amekatazwa kukigusa.