Lizi Ikiisha, Nyumba Isiende Bure

Anayenunua nyumba ya ghorofa Kilimani, Nairobi, au Nyali, Mombasa, huelezwa habari za vyumba, maji, lifti na mahali pa kuegesha gari. Ni nadra kuelezwa lizi ya ardhi iliyo chini ya jengo hilo imebakisha miaka mingapi, ilhali jibu la swali hilo ndilo huamua kama amenunua mali ya wanawe au amelipa kodi ya pango ya miaka kadhaa kwa mkupuo. Msimamo wangu hautawashangaza wanaoifuata safu hii. Familia inayokaa katika nyumba yake na kulipa kodi ya ardhi inastahili kuongezewa muda wa lizi kwa haki, bila kungoja hisani ya afisa yeyote. Serikali ikiihitaji ardhi hiyo, iseme mapema na ilipe fidia.

Sheria ya sasa haijafika hapo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa mtu ambaye lizi yake imeisha nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena ardhi ile, mradi awe raia wa Kenya, na mradi serikali ya kitaifa au ya kaunti haiihitaji kwa matumizi ya umma. Kanuni za 2017 zikaongeza kwamba Tume ya Kitaifa ya Ardhi imwandikie mwenye lizi barua ya rejista ndani ya miaka mitano kabla ya lizi kuisha, imjulishe tarehe na nafasi hiyo. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini nafasi ya kwanza ni ahadi ya kufikiriwa kabla ya wengine tu, na barua inaweza kuishia katika sanduku la posta la mtu aliyefariki zamani. Zaidi ya hayo, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka wa 2015 kwamba Tume haina mamlaka ya kutoa hatimiliki. Kazi hiyo ni ya Wizara ya Ardhi. Kwa hiyo anayemkumbusha mwananchi siye atakayempa hati, na kaunti nayo ina neno lake. Mwenye nyumba anabaki kuzunguka baina ya ofisi hizo huku miaka ikimwishia.

Wenye fleti ndio walio pabaya zaidi. Chukua kiwanja cha mjini kilichotolewa kwa lizi ya miaka 99 mwaka wa 1930. Lizi hiyo itaisha 2029, hata kama ghorofa zilizosimama juu yake zilijengwa majuzi. Kwa miaka mingi, mnunuzi wa fleti hakupewa hati ya kujitegemea. Alipewa lizi ndogo, inayokoma siku chache kabla ya lizi kuu, na lizi kuu ikabaki kwa jina la mstawishaji au kampuni ya usimamizi. Mwenye fleti akitaka kuongeza muda, hawezi kwenda peke yake. Lazima kampuni hiyo iwe hai, wakurugenzi wajulikane na majirani wakubaliane kuchanga. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 ilikuja kuwapa wenye fleti hati zao wenyewe. Hata hivyo, hati ya fleti juu ya ardhi ya lizi haiwezi kudumu kuliko lizi yenyewe, na kadiri miaka inavyopungua ndivyo benki zinavyosita kukopesha na wanunuzi wanavyorudi nyuma.

Wapo watakaosema ardhi ni ya umma, na umma una haki ya kuirejesha muda ukiisha. Sipingi haki hiyo; napinga kuitumia bila kulipa. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaitaka serikali inayochukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma imlipe fidia ya haki, kamili na bila kukawia. Tukikubali kwamba lizi ikiisha serikali inaweza kutaja haja ya umma na kuchukua kiwanja pamoja na nyumba iliyojengwa kwa jasho la mwenyewe, tumeacha mwanya wa kukwepa agizo hilo. Kungoja kalenda hakugeuzi unyang'anyi kuwa utawala bora.

Watasema pia kwamba mnunuzi alijua anachokinunua. Mwenye wakili makini huenda alijua, lakini aliyeuziwa fleti ramani ikiwa bado karatasini, kwa tangazo lisilotaja lizi, hakupewa nafasi ya kujua. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: haki hii isije ikawakinga wenye mashamba makubwa. Sheria ya kikoloni ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mashamba kwa lizi za miaka 999, na vidonda vya ugawaji ule havijapona. Kwa sababu hiyo haki ninayoidai iwe ya makazi tu. Lizi za mashamba ziendelee kuchunguzwa hadharani, jamii zilizohamishwa zikisikilizwa.

Uingereza, iliyotuletea mfumo huu, iliwapa wenye fleti wake haki ya kisheria ya kuongeza miaka 90 tangu 1993, na mwaka wa 2024 Bunge lake likapitisha sheria inayolenga miaka 990. Wao hulipa bei kwa haki hiyo, nasi tulipe ada inayojulikana mapema. Bunge letu lirekebishe kifungu cha 13 ili ombi la makazi likubaliwe isipokuwa serikali imethibitisha haja ya umma kabla ya lizi kuisha na kuweka fedha za fidia. Mwenye fleti aruhusiwe kuomba hata kama kampuni ya usimamizi imelala. Tarehe ya mwisho ya kila lizi iwekwe kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa huduma za ardhi, na kila tangazo la kuuza nyumba liitaje. Kodi ya ardhi hudaiwa kila mwaka, na riba huongezwa kwa anayechelewa. Serikali inayojua kumpata mwananchi inapomdai haina udhuru wa kushindwa kumpata inapodaiwa naye.