Waya ya kutundikia nguo si takataka: wahami wapewe koleo, si unga tu

Juma lililopita, karibu na soko huku Kikula, nilimkuta mtoto wa miaka kumi hivi akisukuma gari la waya. Lilikuwa lori kamili: kabini, karoseri nyuma, magurudumu yaliyokatwa kwenye makopo, na usukani mrefu unaomfikia kiunoni. Alipogeuza usukani, magurudumu ya mbele yaligeuka. Nikamwuliza waya ameitoa wapi. Akajibu: «Papa, ni zile za kutundikia nguo. Wauzaji wa tombola wanatupa zilizopinda.»

Jamaa yake ni ya wahami. Mama yake, aliyekuwa ameketi pembeni na beseni la sombe, akaongeza: «Watu wanapita, wanasifu, wanapiga picha, wanaenda zao. Hakuna anayenunua.»

Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo linanifanya niandike. Sisi wakaaji wa Likasi tunaita kazi hiyo mchezo wa watoto. Mimi nasema ni kazi ya mikono kama nyingine, na tunaidharau kwa sababu wanaoifanya ni maskini.

Mji huu, ambao hadi 1966 uliitwa Jadotville, umetuzoesha kuamini kwamba madini ni kazi ya mashine kubwa tu: Union Minière iliyoanzishwa 1906, kisha Gécamines, na viwanda vya Shituru. Tunasahau kwamba kabla ya kampuni yoyote kufika, wazee wetu walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitia katika umbo la misalaba iliyotumika kama pesa. Huko Bunkeya, wakati wa Mwami Msiri, wafuzi wa Bayeke walivuta shaba mpaka ikawa waya nyembamba, wakaizungusha na kutengeneza bangili. Basi mtoto anayepinda waya leo Kikula hafanyi jambo geni. Kazi hii ni ya hapa kwetu.

Najua kuna watakaosema: ukimfundisha kijana kazi ya waya, kesho atakwenda kukata kebo za umeme. Ni hofu yenye sababu, maana wizi wa kebo umetuacha gizani mara nyingi. Lakini waya ya kutundikia nguo ni chuma, si shaba, na mnunuzi wa shaba haitaki. Kwa hiyo kanuni iwe wazi tangu siku ya kwanza: hakuna kebo isiyojulikana ilikotoka, na hakuna kuchoma plastiki ili kutoa shaba ndani. Moshi ule ni sumu, na watoto ndio wanaouvuta. Kijana mwenye kazi halali ya chuma mkononi ana sababu moja zaidi ya kutogusa kebo.

Na kwa nini mafunzo yaliyopita hayakuzaa matunda? Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu ambayo shirika moja liliwapa akina mama wahami. Walifundishwa kutengeneza maua na ndege wa mapambo kwa waya. Vyeti vikatolewa, picha zikapigwa. Mwezi uliofuata, maua yalikuwa bado yananing'inia ukutani, kwa sababu hapa Likasi watalii wa kununua mapambo ni wachache. Mimi mwenyewe niliandika habari nzuri juu ya mafunzo hayo, na sikurudi kuuliza kama kuna hata ua moja lililouzwa. Kosa hilo ni langu pia.

Tuanze na kile jirani anachohitaji. Waya moja ikinyooshwa inatoa karibu mita nzima. Inatosha kwa mshikio wa ndoo iliyokatika, ndoano za kutundikia sufuria, au kulabu za muuzaji sokoni. Waya kadhaa zinatoa kitunga cha vitunguu, kizimba cha vifaranga, au wavu wa kuchomea samaki juu ya mbabula. Hivi ni vitu ambavyo mama wa Panda au Shituru atanunua leo.

Ila tuwe waangalifu. Waya iliyopakwa rangi, iliyovikwa plastiki au inayong'aa kwa zinki isiwekwe kwenye moto wala karibu na chakula. Hiyo ifanyiwe ndoano na kulabu. Ya chuma kitupu, ikiwa ngumu, ipashwe moto kwenye makala mpaka iwe nyekundu, iachwe ipoe polepole, na italainika. Ncha zote zikunjwe ndani, zisimkate mtoto.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne. Wauzaji wa nguo na wapiga pasi, msitupe waya zilizopinda. Wekeni pembeni kwa ajili ya hawa. Mashirika yanayoleta unga na mafuta, ongezeni koleo mbili na nyundo kwa kila jamaa, maana unga unaisha na koleo inabaki. Viongozi wa komini, wapeni sehemu ndogo sokoni bila kuwadai kodi kabla hawajauza kitu. Na ninyi wahami, mliokimbia vita kule Mitwaba, Manono, Pweto au kwingineko, fanyeni kazi pamoja na vijana wa hapa. Wao wanajua wateja, ninyi mna ufundi mliokuja nao.

Mji wetu unajua maana ya kukosa pa kulala. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Walikuwa majirani zetu. Tusizoee tena kumtazama mtu aliyefukuzwa kama mzigo.

Lile lori nililinunua. Nilipouliza bei, mtoto alinyamaza, akamtazama mama yake. Hakuwa na bei ya kusema, kwa maana hakuna aliyewahi kumwuliza. Mkipita Kikula, msipige picha tu. Waulizeni bei.

Mwandishi wenu, Likasi