Pombe Haikumshika Mkono

Wakili wa bei rahisi kuliko wote Kibera ni pombe. Jumapili asubuhi, hapa Olympic, utamkuta kazini kila ploti yenye kikao. Mtu amempasua mkewe mdomo, au amemchoma mwenzake kisu kwa deni la shilingi mia, na wazee wa pande zote mbili wanakubaliana kwamba si yeye, ni pombe. Kama si pombe, ni hasira zilimpanda. Kama si hasira, ni shetani alimpitia. Kutoka stejini hapa hadi Kawangware, wengi wanaamini pia kwamba hakimu atakubali hivyo hivyo.

Hatakubali. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika Agosti 1930, humwondolea mtu lawama kwa tendo lililotokea pasipo hiari yake. Maana yake ni kwamba mwili umetenda, mwenyewe hakutenda: mkono wa aliyeshikwa na kifafa umemvunja mtu jino, au dereva amevamiwa na nyuki ndani ya gari, mfano waliouzungumzia majaji wa Uingereza mwaka 1958. Hata usingizi umewahi kumtoa mtu. Mwaka 1987 Kenneth Parks, karibu na Toronto, aliondoka kitandani, akaendesha gari kilomita 23 na kumuua mama mkwe wake. Aliachiliwa, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaridhia. Lakini waliomtoa ni madaktari wa maradhi ya usingizi waliosimama kizimbani wakahojiwa. Neno lake peke yake lisingemfikisha mlangoni.

Mlevi hayumo humo. Ana kifungu chake, cha 13, na kifungu hicho hakina huruma ya kikao: ulevi si utetezi, ila kama mtu mwingine alikulevya bila ridhaa yako, kwa hila au kwa uzembe, au ulevi umekutia wazimu, na kwa vyovyote uwe hukujua unachofanya au hukujua kuwa ni kosa. Aliyenunua chang'aa kwa pesa yake, akaagiza na ya pili, hapo atapita wapi?

Nitaambiwa kwamba korti huutazama ulevi inapopima nia, na kwamba uchokozi huweza kushusha mauaji ya kukusudia yakawa kuua bila kukusudia. Ni kweli. Ila kuua bila kukusudia kunaweza kumfunga mtu maisha. Huko si kutoka jela, ni kubadilishiwa mlango wa kuingilia.

Halafu itazameni pombe yenyewe ilivyo na adabu. Inamjua mke, haimjui OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Jamaa akiwa chakari anapita mbele ya baunsa bila kumgusa, anamwamkia landilodi kwa heshima zote, anavuka mtaro bila kutumbukia, anaingiza ufunguo kwenye kufuli gizani, kisha "akili zinamruka" mbele ya yule yule aliyempiga mwezi uliopita. Mtu asiye na hiari angepiga yeyote aliye karibu. Huyu amechagua, na amechagua asiyeweza kumrudishia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huruma hii tunayommwagia mlevi tunamnyima anayestahili. Mwenye kifafa anapozinduka, kwa muda huwa hajui yuko wapi. Anaweza kuingia nyumba isiyo yake, na akikamatwa kwa nguvu anaweza kurusha mikono. Kifungu cha 9 kiliandikwa kwa ajili ya mtu kama huyo, lakini mtaani ndiye anayepigiwa kelele za mwizi, na mawe hayangoji daktari. Akinusurika, jirani watasema ana mapepo.

Hata sheria ina aibu yake hapa. Mwaka 1983 majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza waliamua, katika kesi ya Sullivan, kwamba kifafa kisheria ni wazimu. Na kwa Kenya, kwa miaka mingi, aliyethibitishwa kuwa alitenda akiwa na wazimu aliandikiwa "ana hatia lakini ni mwendawazimu" chini ya kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa jinai, akazuiliwa kwa ridhaa ya Rais, bila tarehe ya kutoka. Mwizi wa kuku hujua siku yake. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamekwisha kutamka kwamba kifungo cha namna hiyo kinavunja Katiba. Wenye kupenda kuwatetea walevi vikaoni wangeenda kumuuliza mbunge wao kuhusu watu hao.